Aliyemo Ndani ya Mringaringa

Olasiti, Arusha
7 Desemba 2024

Mheshimiwa Mshili, kiongozi wa ukoo wetu. Baba Mchungaji, uliyekubali kukaa nasi. Wazee wa baraza. Akina mama mliozaliwa katika ukoo huu na mlioolewa ndani yake. Nanyi vijana mliosimama ukutani kwa sababu viti havikutosha: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima anayostahili.

Nimemwomba katibu wetu, Yona, awasomee maneno haya kwa kuwa mimi siko nanyi. Niko Olasiti, nyumbani kwa mdogo wangu Sadoki, kando ya kitanda cha mama yetu. Najua mmekusanyika kwa ajili ya mti wa marehemu baba, ule mringaringa ulio katikati ya kahawa. Najua pia kwamba kila nyumba imekwisha kutoa hukumu yake. Wapo wanaosema Mwalimu Abdiel amempenda ndege kuliko mama aliyemzaa. Wapo wanaosema Sadoki aliyasahau maneno ya baba siku aliyohamia mjini.

Baba alitufundisha kwamba jambo la shamba haliamuliwi kwa simu wala kwa mazungumzo ya njiani. Huandikwa, na kila mtoto huweka jina lake chini. Kwa sababu hiyo tuliyoambiana yote yapo. Sadoki ameridhia, na wengine walioandika wameridhia, yasomwe mbele yenu bila kupunguzwa, hata pale yanapotuaibisha. Soma barua hizi, Yona, kama zilivyofuatana. Uamuzi wetu uko kwenye ukurasa wa mwisho.

Ndugu yenu,
Abdiel Nnko


Nyumbani, juu ya Usa River
12 Oktoba 2024

Mpendwa Namnyaki,

Nakushukuru kwa darubini, na kwa subira uliyotuonyesha sisi wahesabuji wa kujitolea siku ya mafunzo, tulipobishana juu ya rangi ya mkia mmoja hadi chai ikapoa. Wewe ndiye mratibu wa hesabu hii ya ndege wanaotaga, nawe ulitutaka tutume taarifa kwa ile programu ya simu. Nimejaribu. Inanipa vifupisho vya kuchagua, na ndege wangu hatoshei katika kifupisho chochote. Kwa hiyo naandika, kama nilivyofanya miaka yote ya ualimu.

Eneo ulilonipa ni shamba letu na mabonde yanayopakana nalo. Chozi wametaga kwenye uzio. Mnana wanafuma viota vyao kwenye migomba kwa kelele za darasa lisilo na mwalimu. Hao nimewaandika kwenye karatasi ya nyuma.

Aliyenigusa ni hondohondo. Juu ya mringaringa wetu kuna tundu la siku nyingi. Mwezi wa nane niliwaona hapo wawili, dume na jike. Sasa jike hayupo. Nimekaa chini ya mti asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, na sijamwona. Tundu lenyewe limezibwa kwa udongo mgumu, umebaki ufa mwembamba. Nadhani ni kazi ya nyigu. Lakini dume haachi kuja. Huja koo limejaa matunda ya mkuyu, hujibanza kwenye gome, na kuyasukuma ufani moja moja hadi yaishe. Kisha huinamisha kichwa karibu na ufa, kama mtu anayesikiliza. Kisha huondoka na yale makelele yake.

Huu ni mwaka wa pili naishi bila mke wangu Elizabeth, na mwenendo huo naufahamu. Kuna asubuhi najikuta nimeandaa vikombe viwili. Basi katika taarifa niandikie hivi: kiota kimeachwa, jike amekufa, dume ni mgane.

Wako,
Mwalimu Abdiel


Olasiti
19 Oktoba 2024

Kaka yangu, shikamoo.

Barua hii anakuletea mke wangu Elinipa, anapopanda kufuata ndizi za Mama. Mama ni mzima, anakusalimu sana. Miguu tu inamsumbua, ni uzee.

Nakuandikia jambo la shamba, kama baba alivyotaka. Nimeanza kujenga nyumba ndogo upande wangu wa kihamba, shamba hili la urithi wetu, ili Mama akae humo. Nataka Krismasi hii imkute nyumbani. Hapa Olasiti amechoka. Juzi aliniuliza mbona majogoo wa mjini wanawika kama wanafukuzwa. Kuta umeziona mwenyewe zikipanda. Kinachonikwamisha ni paa. Mringaringa wa baba ukipasuliwa unatosha kenchi zote na milango juu yake.

Najua mti ule haukatwi kwa neno la mtoto mmoja. Mtendaji wa kijiji amesema kibali kitatoka sisi wawili tukiandika. Naomba neno lako. Usinijibu kwa mahubiri, kaka. Ndiyo au hapana.

Mdogo wako,
Sadoki


Nyumbani
26 Oktoba 2024

Sadoki mdogo wangu,

Ndiyo.

Ningekomea hapo ungeshangaa, kwa hiyo nakupa na sababu. Wenzake baba walipong'oa miti yao mikubwa kupanua kahawa, yeye aliuacha huo, na hakutueleza kwa nini. Mimi nadhani aliuwekea kazi ambayo bado haijafika. Kama ipo kazi inayoustahili, ni kumwezekea mama yetu nyumba. Ukate.

Mpangaji wa mti ule ni mmoja tu, hondohondo aliyefiwa na mke. Anaendelea kupeleka matunda kwenye tundu lililozibwa. Itamuuma, kisha atapata mti mwingine, viumbe huhama. Nilimwonyesha mkeo naye akanicheka hadi akaweka kikapu chini. "Shemeji," alisema, "mmepatana wewe na huyo. Wote mnaandaa chakula mahali pasipo na mlaji." Nikamwambia mbona anamtukana mwenyeji wake. Akajibu, "Mwenyeji gani? Hata kiti hujanipa."

Panga siku ya wapasuaji wa mbao. Nitakuwepo kuwapa chai.

Kaka yako,
Abdiel


Themi, Arusha
5 Novemba 2024

Shikamoo Mwalimu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa upande wa magharibi wa mlima, kwetu, nikiwasaidia wahesabuji wa huko, na barua yako nimeikuta mezani. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Mwalimu, jike hajafa. Yumo.

Hondohondo anapotaka kutaga huingia ndani ya tundu na kujiziba humo kwa udongo anaoletewa na dume, hadi ubaki ufa wa kupitishia ncha ya mdomo. Si nyigu. Humo hutaga, hulalia, hulea, na kwa miezi mitatu au zaidi hali ila anacholetewa na mumewe. Ulichokiona si maombolezo. Ulimwona mume analisha nyumba yake. Na alipoinamisha kichwa alikuwa akisikiliza kweli, kwa maana yupo anayemjibu.

Usijilaumu. Hata mimi, kama ningekuwa na huzuni yako, huenda ningeona ulichoona. Mwaka jana mhesabuji mwingine, aliyekuwa karani, aliniandikia kwamba tai wake "amestaafu".

Nimefuta maneno "kiota kimeachwa". Upande wenu wote wa mlima msimu huu, hicho ndicho kiota cha hondohondo pekee ambacho mhesabuji ameniletea. Ndege hawa wanahitaji mti mnene wenye tundu, na miti hiyo imebaki michache sana. Tafadhali usiwaruhusu watu kupanda wala kuwasha moto chini yake. Jike akitishwa akatoka kabla ya wakati, kinda atakufa.

Nakuheshimu daima,
Namnyaki


Nyumbani
9 Novemba 2024

Ndugu Sadoki,

Neno langu la tarehe 26 Oktoba naliondoa. Mti usikatwe.

Nilikosea, na mtu anayenipita kwa elimu ya ndege amenisahihisha. Jike yumo ndani ya tundu, hai, pamoja na yai au kinda. Dume aliyekuwa akinihuzunisha anawalisha. Nilikuruhusu kuukata nikiamini ni mti mtupu. Kwa lugha nyingine, nilikupa nyumba ya watu.

Sikunyimi mbao milele. Nakuomba usubiri hadi kinda atoke mwenyewe, mwezi wa kwanza au wa pili. Umeniandikia kwamba Mama ni mzima na kinachomsumbua ni miguu. Nyumba iliyokusudiwa Krismasi yaweza kungoja Pasaka, na masika haijawahi kumzuia mtu kuezeka kati ya mvua na mvua.

Nakuomba pia usilichukulie jambo hili kama dharau.

Abdiel


Olasiti
16 Novemba 2024

Kaka,

Barua yako nimeisoma nje ya wodi, nikimngojea Mama. Pasaka, umeandika. Mama hana Pasaka.

Nilikuficha. Mwezi wa tisa daktari alituambia ni uvimbe tumboni, umeshasambaa, kilichobaki ni kumtunza asiumie. Nikaandika "miguu". Elinipa aliniambia, "Mwandikie kaka yako ukweli," nikamwambia anyamaze. Nilikuona ulivyokuwa baada ya kumzika Elizabeth. Nilisema sitakuwa mimi wa kukupiga tena mahali palepale.

Sasa unaniomba nimngojee ndege. Ndege, kaka! Mimi namgeuza Mama kitandani, namsikia anaitaja kahawa ya nyumbani kama mtu, na wewe unanifundisha habari za yai.

Utauliza kwa nini nisimlete kwako. Nakujibu kabla hujauliza. Chumba mlichokuwa mkilala na Elizabeth umekitia kufuli, na ufunguo unatembea nao mfukoni. Wewe mwenyewe umejibana katika kile kidogo. Mwaka jana Mama alikuja kukutazama ukamlaza kwenye kochi. Aliamka hawezi kujinyoosha, akarudi mjini ameshika kiuno. Nilipokugusia ulisema chumba kile kisiguswe na mtu. Nani angekuomba tena? Najenga kwa sababu kwa kaka yangu hakuna nafasi.

Wapasuaji wanakuja Jumatatu tarehe 25. Neno lako ninalo kwa maandishi, na hukuliandika kwa penseli.

Sadoki


Nyumbani
18 Novemba 2024

Mpendwa Namnyaki,

Mama yangu anakufa, na mti wa kiota unatakiwa uwe paa la nyumba ya kumpokea. Nijibu mapema, tena bila kunionea huruma. Je, inawezekana kuwahamisha jike na kinda, tundu likakatwa pamoja na kipande cha shina, likafungwa kwenye mti mwingine? Na kama haiwezekani, watatoka lini?

Nimekaa chini ya mti tangu jana. Dume amekuja na matunda kama kawaida. Sikuweza kumtazama.

Abdiel


Themi
20 Novemba 2024

Mwalimu wangu, shikamoo, na pole sana.

Ulitaka jibu bila huruma, nami sehemu hiyo ya ombi lako siwezi kuitimiza.

Haiwezekani kuwahamisha. Mtikisiko wa msumeno peke yake utamtoa jike kwa hofu, na dume hatalifuata tundu lililohamishwa. Kwa tarehe ulizoniandikia, sidhani kinda atatoka kabla ya katikati ya Januari.

Sitakuandikia kwamba ndege ana thamani kuliko mama. Mimi nina mama. Ninachoweza kukuandikia ni kwamba umetimiza kila nilichokuomba siku ulipojitolea, na kwamba mti ukikatwa nitaandika tu "mti umekatwa", bila jina la mtu. Hakuna atakayekunyooshea kidole kutoka ofisini kwangu.

Namnyaki


Olasiti
23 Novemba 2024

Shemeji, shikamoo.

Leo barua niliyobeba ni yangu. Nimechoka kuwapelekea nyinyi wawili bahasha nisizozifungua, kisha ninaona nyuso zenu mkizisoma.

Jana nilikuwa namwosha Mama, nikamwambia, "Mama, wanao wanagombana kwa ajili ya nyumba yako."

Akasema, "Nyumba gani?"

"Hii anayokujengea Sadoki kihambani."

Shemeji, alicheka hadi akashika ubavu. "Mimi nimeomba nyumba? Nilisema nataka kwenda nyumbani, yeye akakimbilia saruji. Huyo tangu mdogo ukimtuma maji anataka kuchimba kisima."

"Na Abdiel amekataa mti ukatwe," nikamwambia, "eti kuna hondohondo ametaga humo."

Akafumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akasema, "Si amwache alee. Mimi nikalale peke yangu kwenye nyumba inayonuka chokaa nifanye nini? Nataka nikikohoa usiku mtu aamke. Nataka nimsikie Abdiel anavyoisema redio. Mwambie anipe kitanda. Kochi, hapana."

Hayo ni maneno yake, sijaongeza. Sadoki hajui kwamba nimemwuliza, na sidhani kama yeye amewahi kumwuliza. Wewe je?

Chumba kile, shemeji, nilikifagia mimi siku ya mwisho kabla hujakifunga. Najua kilivyo. Dirisha lake linaangalia kahawa. Elizabeth alikuwa rafiki yangu kabla hajawa wifi wa mtu yeyote hapa duniani, na nakuambia asingemlaza Mama sebuleni.

Wapasuaji ni keshokutwa. Fanya unalofanya.

Shemeji yako,
Elinipa


Ukurasa wa mwisho wa barua kwa kikao cha ukoo

Mheshimiwa Mshili, Baba Mchungaji, wazee wangu na ndugu zangu,

Barua zinaishia hapo kwa sababu kesho yake, Jumapili, nilishuka Olasiti baada ya ibada. Sadoki alinifungulia mlango. Hatukusalimiana. Alinivutia kiti hadi kitandani kwa Mama, naye akakaa upande wa pili. Mama alitutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza ni nani kati yetu alikuja kumwuliza yeye kabla ya kuandikiana maneno makubwa. Sadoki alitoka nje akawapigia wapasuaji wasije. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na Mama akamwambia aache kumlilia wakati bado anasikia.

Sitawaficha lililofuata. Nilipanda nyumbani pamoja na Elinipa, ufunguo mkononi, nikafika hadi mlangoni pa chumba kile, nikashindwa. Nilimpa Elinipa ufunguo, nami nikasimama katikati ya kahawa hadi aliponiita. Kitanda sasa kiko dirishani. Mashuka ni mapya. Vitu vya marehemu mke wangu vimewekwa sandukuni, sanduku limewekwa juu ya kabati, na hakuna kilichotupwa.

Wale mliosema nimempenda ndege kuliko mama, siwalaumu. Kwa juma zima hata mimi nililiogopa swali hilo. Lakini kati ya mti na mama hapakuwa na ugomvi. Mama alihitaji kitanda mahali penye watu, na kitanda hicho mimi nilikuwa nimekifungia. Mdogo wangu alinijengea heshima kwa matofali yake badala ya kunigongea mlango, nami moyoni nikaiita haraka ya mjini. Namwomba radhi mbele yenu.

Sasa uamuzi. Sisi watoto wawili wa marehemu, kwa neno moja na kwa majina yetu wote wawili, tumeamua mringaringa wa baba usimame. Hautaguswa hadi kinda atakapotoka mwenyewe, na baada ya hapo hautakatwa bila sisi wawili kukaa tena na kuandika upya. Mzazi yeyote mwenye mtoto wa manati amwambie leo. Wanaochoma majani shambani wachomee ng'ambo ya mfereji. Kuta za Sadoki zitangoja mbao za kutoka kwingine, na hakuna atakayemcheka kwa nyumba isiyo na paa.

Mama anarudi nyumbani. Daktari ameruhusu asafirishwe, kwa sharti kwamba gari lisimtikise. Nanyi mnajua hali ya njia kutoka kanisani hadi getini kwetu: vuli imeichimba, na gari dogo linapita kwa kurukaruka. Safari ni Jumamosi ijayo, tarehe 14, asubuhi.

Kwa hiyo tunakiomba kikao kisifungwe kwa sala kabla Mshili hajagawa kazi. Kuanzia Jumatatu kila nyumba itoe mtu mmoja na jembe. Wenye mawe ya ziada wayashushe njia panda ya kanisa, wenye mikokoteni wayasambaze. Pale penye bonde dogo pawekwe changarawe, maana hapo ndipo mgonjwa anapoumia zaidi. Njia iwe imesawazishwa Ijumaa kabla ya jua kuzama.

Abdiel Nnko
Sadoki Nnko